Kopo la Susu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano kule Matinyani, nilijua kwamba maji yana macho. Sikufundishwa hivyo shuleni wala kanisani. Nilijua kwa sababu Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Ukambani, alituambia kila tulipoteremka mtoni na mitungi yetu. Mto wetu ni wa mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka huoni tone juu yake, lakini ukifukua kwa kibuyu mpaka mkono uingie hadi begani, maji yanakuja polepole kutoka pembeni, kama mtu mwenye haya. Susu alisema hayo maji yanaona. Yanamjua aliyeyafikia, na yanajua amekuja na chombo gani. Ukiyachota kwa chombo kilichotoka jikoni na masizi yake, yanachukizwa, yanahama. Kesho utafukua mpaka kwenye mwamba na hutapata kitu.

"Mke mwenza ukimpelekea sufuria ya mwenzake apikie, si mtapigana?" alikuwa akituuliza. "Basi maji na moto wako hivyo hivyo."

Na huyu Susu alikuwa ameokoka. Alikuwa na kiti chake kanisani, mbele, karibu na ngoma. Siku moja nilimkabili.

"Susu, mchungaji alisema mambo ya mizimu tuyaache."

"Nani amekutajia mizimu? Mimi nimesema masizi." Akakaza leso kiunoni. "Yesu nilimpokea nikiwa na watoto wanne. Maji yalikuwa yanahama kabla ya hapo. Yeye ndiye aliyeyaumba yakawa hivyo. Sasa nimkosoe?"

Nilichukua mtungi wangu nikamfuata. Hata leo, nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto wangu, bado nalifikiria neno hilo.

Mwaka huo Baba aliamua kuchimba kisima cha mashine pale nyumbani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kwa Vonza, akirudi kila mwisho wa wiki, na kila akirudi alimkuta Mama amelala chali sakafuni kwa maumivu ya mgongo wa kubeba mitungi. Akasema mambo ya mto sasa basi. Lori la mashine lilifika Jumatatu, likafuatwa na lingine la kompresa na mabomba, na kijiji kizima kikaja kusimama uani kwetu kama kwenye harusi.

Kupikia wale mafundi ilikuwa kazi ya Anti Mwende. Huyu alikuwa mke wa Baba mdogo, Mutua, aliyefanya kazi Mombasa na kuja nyumbani mara moja moja. Anti Mwende alitoka Makueni, upande wa Kathonzweni, na alikuwa hajamaliza mwaka kwetu. Hakuwa amepata mtoto bado, na kuna watu walioanza kumwangalia tumbo kabla ya kumsalimia. Mimi nilimpenda kuliko dada. Ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenifundisha kuimba sauti ya pili. Na alikuwa na mdomo.

"Nyinyi watu wa Makueni," Susu alimtania, "mnakula maembe mpaka mnasahau kusonga sima."

"Na nyinyi wa Kitui, Mwaitu, chai yenu mtu akimaliza anabaki anatafuna mchanga."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, ndivyo alivyomwita mkwewe. Susu alicheka mpaka akafuta macho. Walipendana, hilo nataka lijulikane. Nikilisahau, hadithi hii itakuwa nyepesi kwangu kuisimulia, na haistahili kuwa nyepesi.

Anti Mwende alipanga mafiga yake kwenye kivuli cha ghala, hatua chache kutoka kwenye mashine, ili asitembee mbali na chakula cha watu wengi. Susu alimwona.

"Mwende mwanangu, hayo mafiga yasogeze. Ni karibu sana na mahali pa maji."

"Nasogeza, Mwaitu." Akayasogeza. Lakini si sana.

Maji yalifikiwa Jumatano. Na mimi sikuwepo. Nilikuwa shuleni nikifanya mtihani wa Hisabati. Niliporudi jioni nilikuta uwanja mzima matope, watu wamelowa, hata mbwa amelowa. Mama alikuwa akiimba, mgongo umesahauliwa. Waliniambia maji yalitoka kwa kishindo yakapita paa la nyumba, na Susu alicheza chini yake kama msichana. Kila mtu alikuwa na lake la kusimulia, na kila mmoja alianza na "Mumbua, ungeona!" Kesho yake asubuhi matope yalikuwa yamekauka na kupasuka. Mafundi walikuwa wameshusha mabomba ya chuma ya kuzuia udongo, wakaziba mdomo kwa kisahani cha bati kilichofungwa kwa waya, wakaweka jiwe juu. Mkubwa wao alisema wanakwenda kazi nyingine Nuu, watarudi na pampu baada ya wiki tatu.

"Mtu asiguse hapa," alisema. "Pampu ikija mtakunywa mpaka mchoke."

Shuleni nilijisifu. Kulikuwa na msichana mmoja, Kalondu, ambaye hakupenda mtu mwingine ajisifu.

"Wewe umeyaona hayo maji?"

"Yapo."

"Sijauliza kama yapo. Umeyaona na macho yako?"

"Si nilikuwa hapa na nyinyi tunafanya mtihani!"

"Basi huna maji. Una shimo."

Darasa lilicheka mpaka mwalimu akaja. Wiki ile yote niliitwa Shimo. Nikipita, "Shimo, tuuzie mtungi mmoja." Mtu mzima anaweza kuliona hili kuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilianza kufikiri kweli pengine wote nyumbani waliota ndoto moja.

Jumapili nilisema tumbo linauma. Lilikuwa haliumi. Watu wote wa nyumbani walikwenda kanisani, na Anti Mwende, aliyekuwa kwenye kwaya, alinigeukia mara mbili njiani kunipungia mkono. Walipopotea kwenye kona niliinuka, nikatafuta chombo kinachoweza kupita kwenye mdomo wa lile bomba. Jagi halikupita. Kibuyu hakikupita. Kilichopita kilikuwa kimoja tu: kopo la Susu, kopo refu jembamba la maziwa ya unga, lenye mkono wa waya, alilochemshia mizizi yake ya dawa. Lilikuwa limekaa motoni miaka mingi. Lilikuwa jeusi kama kiatu cha askari.

Sitasema nilisahau. Nilikumbuka vizuri sana. Nililipeleka nyuma ya choo nikalisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka. Masizi yalijaa mikononi mwangu, na kopo likabaki vile vile jeusi. Nikaweka jiwe ndani yake ili lizame, kama tunavyofanya na visima vya kawaida. Nikafungua kamba za mbuzi, nikafungua kamba ya punda, nikakata kamba ya bluu ya kuanikia nguo, nikaziunga zote. Na kabla ya kulishusha niliomba. Mungu anisamehe, niliomba Mungu ayafumbe macho yale maji kwa dakika chache tu.

Kamba ilikwenda. Ikaendelea kwenda. Sikuwahi kufikiri kwamba chini ni mbali hivyo. Mto wetu ulinidanganya. Nilizoea maji yaliyo umbali wa mkono. Kipande cha mwisho kilipobaki kimezunguka kiganja changu, nikasikia kopo limekalia kitu. Si maji. Kitu kigumu. Nikavuta, likagoma. Nikavuta kwa mikono miwili, mguu umekanyaga jiwe, na fundo nililolifunga mwenyewe, lile la juu kabisa, likaachia. Kamba ilipita kwenye mdomo wa bomba kama nyoka anayeingia shimoni. Nilisubiri kusikia maji yakiruka. Sikusikia kitu. Palikuwa kimya kabisa, na mimi nimeinama na sikio langu kwenye chuma.

Nilirudisha kisahani, nikafunga waya, nikaweka jiwe. Nikaingia ndani nikalala, na tumbo likaanza kuuma kweli.

Walipotoka kanisani Anti Mwende aliniletea mandazi kwenye kitambaa, akanisugua tumbo kwa mafuta. Huko nje Susu alikuwa akiuliza kopo lake liko wapi, na kamba ya nguo imekwenda wapi.

"Siku hizi wanaiba hata kamba?" alisema. "Mumbua, hujaona mtu?"

"Sijaona, Susu."

Mkono wa Anti Mwende ulikuwa juu ya tumbo langu nikisema hivyo.

Baada ya wiki tatu mafundi walirudi na pampu. Waliishusha bomba kwa bomba, wakihesabu, na watu walikuwa wamejaa tena uani. Ikafika mahali ikakataa. Waliinua wakashusha, wakainua wakashusha.

"Imekalia kitu," mkubwa wao alisema. Walishusha chuma kizito cha kugongea, wakagonga kwa muda mrefu. Alifikiri kuta zimeporomoka na mawe yameziba. Mwishowe wakaiacha pampu ikining'inia pale ilipofika, wakawasha jenereta.

Maji yakatoka! Mekundu kwanza, halafu ya maziwa, halafu safi. Basi nikayaona. Nilipaswa kufurahi na nilifurahi kweli, nikaruka na wenzangu, nikafikiri Mungu amejibu ombi langu. Anti Mwende alikinga viganja akamnywesha Susu. Maji yalitoka kwa muda wa kuimba beti mbili. Halafu bomba likakohoa, likatema upepo, likanyamaza. Walisubiri wakawasha tena, yakaja nusu ya yale ya kwanza. Mara ya tatu ulikuja upepo mtupu.

Mkubwa wa mafundi alimweleza Baba mengi. Kwamba pampu iko juu mno, kwamba maji yenyewe yako chini ya hapo palipoziba, kwamba kuchimba upya kunahitaji mashine nyingine. Baba alitikisa kichwa akisikiliza. Lakini wengine wote walikuwa wanamwangalia Susu, ambaye alikuwa ameinuka kwenye kigoda chake.

"Nani alileta masizi hapa?"

Niliangalia vidole vya miguu yangu. Nilipoinua kichwa, macho ya watu yalikuwa yamekwenda kwenye ghala, kwenye mafiga matatu na majivu yake.

"Mwaitu, mimi nilipika tu," Anti Mwende alisema.

"Sufuria ulioshea wapi?"

Akageuka kuangalia mafiga yake.

"Mwende. Nakuuliza kwa upole. Sufuria ulioshea wapi?"

"Pale." Akaonyesha kwa kidevu. "Siku ile yalipotoka. Yalikuwa yanamwagika bure, Mwaitu. Yalikuwa mengi. Nikaisuuza tu."

Woi! Hakuna aliyemtukana. Kwetu mtu hatukanwi kwa jambo kama hilo. Anaachwa tu. Kuanzia siku hiyo mazungumzo yalikatika alipoingia jikoni. Mtoni Susu alimtaka asubiri wengine wote wachote, halafu ndipo asogee, "ili tusipoteze na haya kidogo." Majirani walikuja kuangalia kisima, wakimaliza kukiangalia wanamwangalia yeye. Mama mmoja alisema mbele yangu kwamba yule wa Makueni ametuletea kiangazi cha kwao. Baba, mwalimu mzima, alisema huo ni ujinga. Lakini alisema kwa sauti ya chini, na akiwa chumbani.

Na mimi? Mimi nilikuwa na hesabu zangu. Yeye aliosha sufuria Jumatano. Mimi nilishusha kopo Jumapili. Kwa hiyo labda maji yalikuwa yameshahama kabla yangu, na kopo langu lilikuta nyumba tupu. Ndiyo maana sikusikia maji yakiruka. Lakini kama yalihama Jumatano, yale tuliyokunywa siku ya pampu yalikuwa ya nani? Na kama yalihama Jumapili, basi ni mimi. Na pengine lile kopo lenyewe ndilo lililoziba. Lakini kopo dogo namna ile lingeweza kushinda chuma cha kugongea cha watu wazima? Nilikwenda hivyo na kurudi, kila siku, mpaka kichwa kikauma. Nilijua neno moja lingemaliza yote. Kila asubuhi nilisema nitalisema jioni.

Baba mdogo Mutua alikuja kutoka Mombasa mwisho wa mwezi. Walikaa kikao siku mbili. Sijui yaliyosemwa, watoto tulifukuzwa. Nilichokijua ni kwamba Anti Mwende anakwenda kwao "kupumzika kidogo," na kwamba sanduku lake lote lilikuwa limefungwa.

Asubuhi ya kuondoka aliniita anisuke. Nilikaa chini kati ya magoti yake. Alinisuka taratibu kuliko siku zote, akivuta kidogo kidogo, na hakuimba. Alipofika kwenye kisogo akaniuliza.

"Mumbua, wewe unafikiri maji yanaona?"

Hakuwa ananitega. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua, kama vile mimi mtoto wa shule ningeweza kumwambia. Sikuona uso wake. Nilikuwa nimepewa nafasi ambayo hata malaika asingeipanga vizuri zaidi: hakuna mtu mwingine, mlango umefungwa, na swali lenyewe.

"Ndiyo, Anti," nilisema. "Yanaona."

"Mm," akasema. Akamaliza kunisuka.

Hakurudi tena.

Shule niliiachia kidato cha pili. Leo nashona sare za shule pale soko la Matinyani. Niliokoka nikiwa na miaka kumi na saba, na nimesimama mbele ya kanisa mara nyingi kutoa ushuhuda. Nimetaja uongo, nimetaja hasira, nimetaja hata mambo ya aibu ambayo mume wangu alitamani nisiyataje. Lile la kisima sikulitaja. Kwa Mungu nilishatubu faraghani, tena mara nyingi, na ilikuwa rahisi, kwa sababu Mungu hakusuka nywele zangu.

Mwaka jana Baba, ambaye sasa amestaafu, alitaka kisima kifufuliwe, kiwekwe pampu ya sola. Tulimwita fundi mmoja anayesifiwa sana, mwanamke mfupi, wanamwita Fundi Kanini. Alikuja na kamera ndogo mwishoni mwa waya mrefu na kioo kama cha televisheni. Alisema haamini kuporomoka kwa kuta mpaka azione. Tukakusanyika kumzunguka. Susu aliletewa kiti. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo kila mara alikuwa akiuliza, "Mmefika wapi? Mnaona nini?"

"Chuma, Mama. Chuma kizuri kabisa," Fundi Kanini alijibu. "Chuma… chuma… Haya! Simama hapo."

Kwenye kioo palikuwa na kitu cha duara, kimekaa upandeupande mahali ambapo bomba kubwa linaishia na jembamba linaanza. Juu yake palikuwa na rundo la kamba. Moja ilikuwa bluu.

"Nani alikuwa anapika chai huku chini?" Fundi Kanini alisema, na watu wakacheka.

Baba hakucheka. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Mwaitu," alimwambia Susu, "hili si kopo lako?"

"Lina masizi?" Susu aliuliza.

"Mama, hata kwa kamera ni jeusi," Fundi Kanini alijibu.

Susu akapiga makofi mara moja. "Si niliwaambia!"

"Ni mimi," nilisema.

Baba akageuka. "Wewe nini?"

Basi nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, mbele ya mume wangu na watoto wangu na fundi mgeni, tangu Kalondu mpaka fundo lililoachia. Nilipomaliza, Fundi Kanini alianza kuzungusha waya wake taratibu, akiangalia chini kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Susu ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hiyo tumbo halikuwa linauma."

"Halikuwa, Susu."

Akakaza leso kiunoni. "Na yule msichana?" Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo mtu kumtaja nyumbani kwetu, na hata hapo hakumtaja jina. "Nenda ukamwambie. Mimi miguu yangu haifiki Makueni."

Siku mbili baadaye Fundi Kanini alilinasa kopo kwa ndoana yake, akalitoa limeoza na jiwe bado limo. Chini yake maji yalikuwa pale pale. Hayakuwa yamehama hata siku moja. Pampu ilishuka bila kugusa kitu, na mpaka leo tunachota. Fundi Kanini alinieleza vizuri, na nilimwelewa: palipozibwa pamezibuliwa, hakuna la ajabu. Lakini Susu anasema vilevile. Masizi yaliingia, maji yakazuiwa. Masizi yametolewa, maji yamekuja. Nikijaribu kumwonyesha alipokosea, sipaoni.

Nilikwenda Kathonzweni peke yangu. Nilimkuta Anti Mwende nyumbani kwa wazazi wake, amenenepa kidogo, nywele zimeanza kuwa nyeupe mbele. Hakuolewa tena. Ana kijana mkubwa anayefanya kazi mjini Wote. Alinijua kabla sijataja jina.

"Mumbua wa sauti ya pili," alisema, akanikumbatia.

Uani kwao kuna bomba la maji, la kisima alichochimba kaka yake. Niliona jiko lake liko mbali sana, nyuma kabisa ya nyumba, kwenye jua kali, na uani kuna kivuli kizuri. Niliona pia jagi jeupe la kuchotea limefunikwa kwa kitambaa safi, peke yake kwenye rafu. Nilielewa kabla hajasema neno.

Nilimwambia yote. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye lile swali alilouliza akinisuka, nililia, na hakuninyamazisha.

"Kaka yangu alipochimba hapa," alisema mwishowe, "nilikwenda kukaa sokoni siku tatu. Nililala kwa rafiki. Nilimwambia niko na biashara." Alikuwa akiangalia mikono yake. "Ile siku kule kwenu nilijua ni mimi. Mpaka leo asubuhi nilijua ni mimi."

"Nisamehe, Anti."

Hakusema amenisamehe. Wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kitu kingine.

"Hilo kopo lilikuwa na masizi kweli?"

"Lilikuwa nayo. Nililisugua hayakutoka."

"Basi maji yanaona au hayaoni?"

"Sijui, Anti."

"Zamani uliniambia yanaona."

"Nilikuambia."

Alifikiri. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na sufuria aliyopikia maharagwe, chini yake pameiva kwa moshi. Akanipa.

"Nenda ukaoshe. Pale bombani."

"Anti…"

"Osha tu. Mimi nitasimama hapa."

Nilifungulia maji nikaanza kusugua. Uji mweusi ulinipita katikati ya vidole vya miguu ukaingia kwenye mchanga. Mimi ni mtu niliyeokoka. Nimeona kwa kamera, nimeelezwa na fundi, na kopo lenyewe nimelishika mkononi. Lakini nikisugua, macho yangu hayakuwa kwenye sufuria. Yalikuwa kwenye mdomo wa bomba. Nilipogeuka kumwangalia Anti Mwende, naye alikuwa akiangalia hapo hapo, mkono umeshika kidevu.

Sufuria ilitakata. Nikaendelea kuisuuza. Maji yalikuwa yakija, na hakuna kati yetu aliyemwambia mwenzake ayafunge.